Printa moja, majina matatu: Siri za mishahara zilivyomwagika Kisarawe!

MPENZI msomaji, wiki hii mambo ya mapenzi na mitindo tuyaweke kando kidogo. Nina kisa cha ofisini, kisa kilichonitoa jasho mimi mwenyewe, na kama na wewe mkate wako unatoka kwenye kompyuta, vuta kiti usogee. Leo kwangu, kesho kwako.

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kuhangaika na kompyuta za watu. Ofisi yetu kubwa iko Kibaha, si mbali na Maili Moja, na tawi liko Kisarawe mjini. Zote ni Mkoa wa Pwani, lakini ukitaka kutoka huku kwenda kule kwa daladala inabidi uingie Dar kwanza: ushuke Mbezi, ukate Kinyerezi, utokee Gongo la Mboto, ndipo upande na vilima vya Pugu. Ukiwa na bahati ya foleni ndogo unafika bado una nguvu. Ukikosa, unafika umechakaa.

Ndiyo maana bosi alipenda sana habari ya rimoti desktopu. Seva iko Kibaha, programu ya hesabu iko ndani ya seva, na dada wa kaunta Kisarawe anaingia humo kwa intaneti. Kioo anachokitazama kiko Kisarawe, lakini kompyuta inayofanya kazi kweli iko Kibaha. Kioo chake ni dirisha tu. Hata wa Kibaha wenyewe wanaingia kwenye seva hiyohiyo kwa mtindo huohuo.

Wazee wetu hawakuyajua haya. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mlango ukaja kufunguliwa miaka ya 1990. Microsoft walitoa Windows NT 4.0 ya kufanya kazi kwa mtindo huu mwaka 1998. Mkonga wa baharini wa SEACOM ukatua Dar es Salaam mwaka 2009, na mambo ya kufanya kazi kwa mbali yakaanza kuwa ya watu wa kawaida kama sisi.

Sasa sikia.

Siku ya soo

Ilikuwa mwisho wa mwezi, mchana, jua la kuua mtu. Dada yetu mhasibu wa Kibaha akabonyeza kuchapa hati za mishahara. Wafanyakazi 31, kila mmoja karatasi yake. Akageuka kuitazama printa iliyo pembeni ya meza yake. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, akasonya, akaniita.

Kabla sijafika mlangoni kwake simu yake ikaita. Ni dada wa kaunta, Kisarawe.

"Dada, shikamoo. Hivi hizi karatasi za mishahara mnazotuletea huku tuzifanyie nini? Maana zinatoka tu haziishi, na wateja wamejaa."

Mhasibu wa watu akakaa chini kwa uzito, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Hati 31 mara tatu ni karatasi 93, zimetapikwa juu ya kaunta, mbele ya wateja, madereva na wabeba mizigo. Nani anakula kiasi gani, nani anakatwa mkopo, yote nje nje.

Bosi alipopata habari hakumuuliza mhasibu. Aliniuliza mimi. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Nataka kujua: ni wewe umefanya, au ni yeye?" Na pale mlangoni akaongeza kwamba mmoja kati yetu wawili mwezi ujao hatakuwepo.

Nikapanda daladala.

Karatasi 92

Kule nilimkuta dada wa kaunta amezikusanya zote, amezigeuza kifudifudi, amewekea rula juu. Mungu ambariki. Nikahesabu: 90, 91, 92. Nikarudia. 92.

Moja haipo.

"Kuna mtu alisimama hapa?" nikauliza.

"Kaka, walisimama wote," akanijibu.

Nikaiacha hiyo ya karatasi, nikakaa kwenye kompyuta kutafuta chanzo. Kazi haikuwa ndefu, aibu ndiyo ilikuwa ndefu, maana dalili zilikuwepo miezi mingi. Watu wa Kisarawe walikuwa wakilalamika kwamba wakifungua orodha ya printa wanaiona yao mara mbili. Mimi nikawa nawajibu, "Chagueni yoyote, zote ni moja." Jibu la kivivu, msomaji, na malipo yake ndiyo haya.

Kwa nini zinazaliana?

Printa inaingia kwenye seva kwa njia mbili. Ya kwanza, fundi anaifunga kwenye seva yenyewe kwa anwani yake ya mtandao. Hiyo inakaa hapo daima, kila anayeingia anaiona. Ya pili, unapoingia kwa rimoti desktopu kompyuta yako inabeba printa zake yenyewe, kama mgeni anayekuja na begi lake. Seva inaziorodhesha kwa jina lilelile, inaongeza neno la Kizungu la kuonyesha kwamba zimeelekezwa kutoka kwako, halafu inamalizia na namba ya kikao chako. Ukitoka, zinaondoka na wewe.

Printa ya Kisarawe ilikuwa imepita njia zote mbili. Fundi aliyenitangulia aliifunga kwenye seva, na kompyuta za kule zilikuwa zinaibeba tena kila asubuhi. Ndiyo hiyo mara mbili yao.

Kwa mhasibu kulikuwa na kimbembe zaidi. Kwanza, ofisi ilinunua printa za aina moja, Kibaha na Kisarawe, kwa hiyo majina yalifanana kama mapacha. Pili, wiki hiyo meza yake ilihamishwa, waya wa printa ukachomekwa kwenye tundu jingine la kompyuta. Printa nyingi ukizifanyia hivyo Windows inadhani ni mgeni mpya, inaandika "nakala ya 1" na kuliacha jina la zamani pale pale, halina uhai. Yote mawili yakabebwa hadi kwenye seva.

Kwa hiyo siku ile dada alikuwa na majina matatu mbele yake: la Kisarawe, safi kabisa, halina mkia, la zamani lililokufa, na la kweli, lenye mkia mrefu wa "nakala" na namba. Yeye alizoea kuchagua lenye namba 2. Siku ile kikao chake kilipewa namba 5, maana namba hubadilika. Akaikosa 2 yake, akaona moja safi juu kabisa, akasema hii ndiyo. Ungekuwa wewe ungechagua ipi?

Hakuna aliyefanya makusudi. Mashine ilifanya ilichoambiwa, na mtu alichagua alichokiona. Aliyechemsha ni mimi, niliyeiona orodha imevurugika nikaiacha.

Dawa yake

Kama ofisini kwenu hali ndiyo hiyo, mshike mtu wa kompyuta mwambie hivi, na usikubali longolongo.

Kwanza, printa moja ipewe njia moja. Ya Kisarawe tayari ilikuwa kwenye seva, kwa hiyo nikazizuia kompyuta za kule zisiibebe. Unafungua programu ya rimoti desktopu (andika mstsc), unabonyeza sehemu ya kuonyesha chaguo zaidi, unakwenda kichupo cha tatu, cha vifaa vya kompyuta yako, unaondoa tiki kwenye printa. Halafu rudi kichupo cha kwanza uhifadhi, la sivyo kesho tiki imerudi.

Pili, nakala mfu zifutwe kwenye kompyuta ya mhusika, siyo ndani ya seva. Ukifuta ndani ya seva, akiingia tena zinarudi kama kawaida. Na mwenye mamlaka ya seva anaweza kuweka sera kwamba kila mtu abebe printa moja tu, ile aliyoiweka kuwa ya kwanza. Mhasibu sasa anabeba moja.

Tatu, majina. Acha kuita printa kwa jina la kiwandani. Zetu sasa zinaitwa KISARAWE-KAUNTA na KIBAHA-UHASIBU. Hata mtu mwenye usingizi hawezi kukosea.

Nne, funga mlango. Printa ya Kisarawe sasa inakubali watu wa Kisarawe tu. Mhasibu hata akiibonyeza kwa bahati mbaya, inamkatalia.

Tano, tokeni kwa adabu. Ukibonyeza ule msalaba wa pembeni hujatoka, umefunga dirisha tu, kikao chako kinabaki kinaelea kwenye seva, na mabaki ya printa yanaweza kubaki nacho. Toka kwa njia rasmi ya kuondoka. Mabaki yakiganda, fundi aizime na kuiwasha upya huduma ya foleni ya uchapaji kwenye seva, lakini usiku, wakati hakuna anayechapa.

Na kabla ya kuchapa jambo la siri, toa kwanza karatasi moja ya majaribio. Ikikosekana mezani kwako, usibonyeze tena. Inyanyukie, itafute.

Tusichukulie mzaha, jamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kazi Mei 2023. Aliye na taarifa za watu anatakiwa azilinde. "Printa ilikosea" siyo utetezi wa kwenda nao mbele za watu.

Ile ya 93

Nilipokuwa nafunga begi nirudi Kibaha, mzee mmoja dereva akanifuata nje, chini ya mwembe.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba kijana. Unatafuta hii?" Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Haikuwa yake. Ilikuwa ya dereva mwenzake, kijana aliyeajiriwa mwaka ule ule. Mzee ana miaka tisa kazini, na kijana anamzidi shilingi elfu themanini kwa mwezi.

"Nimesikia printa imekosea," akasema. "Sawa, imekosea njia. Na hesabu nayo imekosea?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ukweli: hiyo siyo karatasi yangu wala yake, naomba anipe, lakini swali lake ni lake na nitalifikisha. Akanipa. Hakugomba, hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwa bosi nilipeleka karatasi 93 na maelezo ya kurasa mbili, nimeandika wazi kwamba uzembe ni wangu, siyo wa mhasibu. Nikakatwa nusu mshahara wa mwezi mmoja. Dada mhasibu yupo kazini mpaka leo. Swali la mzee nililiandika mwishoni, mstari mmoja. Bosi aliusoma, akanyamaza, akaniambia niende.

Wiki mbili baadaye madereva wote waliitwa Kibaha. Walizungumza nini ndani sijui, mlango ulifungwa. Nilimwona mzee akitoka, akaninyooshea kidole gumba, akapanda gari lake. Mpaka leo sijamuuliza alipewa ngapi. Safari hii hiyo ni siri yake.

Wewe msomaji, kesho ukifika ofisini fungua ile orodha ya printa. Ukikuta moja ina majina matatu, usiseme "zote ni moja." Nilisema hivyo mimi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.