Deloraine: Familia ya Kiskoti na urithi wa ardhi Rongai

MAGHARIBI mwa mji wa Nakuru, katika bonde la Rongai chini ya Mlima Londiani, kuna nyumba kubwa ya enzi za walowezi iitwayo Deloraine. Jina hilo si la Kimaasai, wala la Kikalenjin, wala la Kikuyu. Lilitoka kusini mwa Uskoti, karibu na mpaka wa Uingereza, na lililetwa na mtu ambaye desturi za kwao zilimnyima ardhi.

Mtu huyo ni Lord Francis Scott, aliyezaliwa mwaka 1879. Babake alikuwa Duke wa sita wa Buccleuch, kiongozi wa ukoo wa Scott, mojawapo ya koo zilizomiliki mashamba makubwa kuliko zote nchini humo. Hata hivyo, Francis alikuwa miongoni mwa wana wadogo. Kwa desturi ya makabaila wa Uskoti na Uingereza, kifungua mimba wa kiume ndiye aliyetwaa cheo, majumba na ardhi yote. Nduguze walitarajiwa kuingia jeshini, kuwa makasisi au kwenda ng'ambo kujitafutia.

Desturi hiyo ni kinyume cha ile iliyozoeleka katika jamii nyingi za Kenya, ambako shamba la baba hugawanywa kwa wana hadi kila mmoja abaki na kipande chembamba. Wazungu hao waliogopa shamba kukatwa vipande. Ili lisikatwe, waliwatoa wana wao wengine nje.

Hata jina la Deloraine lina historia hiyo hiyo. Ni jina la mahali katika bonde la Ettrick, na mwaka 1706 lilifanywa cheo cha heshima kwa Henry Scott, ambaye pia alikuwa mwana mdogo katika nyumba ya Buccleuch. Cheo hicho kilikoma mwaka 1807 kwa kukosa mrithi. Zaidi ya karne moja baadaye, mwana mwingine mdogo wa ukoo huo alilifufua jina hilo katika Bonde la Ufa.

Francis alifuata njia ya jeshi. Alitumikia India akiwa msaidizi wa Lord Minto, mwakilishi wa mfalme huko, kisha akamwoa bintiye, Eileen Elliot, ambaye ukoo wake pia ulitoka upande huo wa mpakani. Vita Vikuu vya Kwanza vilimwachia jeraha la mguu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi Wazungu waliopigana vita hivyo, na baadhi ya mashamba yaligawanywa kwa bahati nasibu jijini Nairobi. Francis na mkewe walikuwa miongoni mwa walioanza maisha mapya wakati huo. Maelfu ya Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi katika kikosi cha Kariokoo, na ambao wengi wao walifia vitani, hawakuhesabiwa katika mgao huo.

Ardhi yenyewe haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Mskoti mwingine, mpelelezi Joseph Thomson, alipopita Bonde la Ufa mwaka 1883 aliwakuta Wamaasai na mifugo yao, na ilimbidi atoe hongo ili aruhusiwe kupita. Miaka 21 baadaye, katika mkataba wa 1904 kati ya Kamishna Donald Stewart na viongozi wa Wamaasai akiwemo Olonana, jamii hiyo iliondolewa kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru. Baadhi yao walipelekwa Laikipia, nako wakahamishwa tena kufuatia mkataba wa pili wa 1911.

Nafasi iliyoachwa ilijazwa na walowezi pamoja na wafanyakazi wao. Maskwota, hasa Wakikuyu, waliruhusiwa kulima na kulisha mifugo shambani kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya 1918 iliweka kiwango cha chini cha siku 180 kwa mwaka, na baadaye siku hizo zikaongezwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Rongai, Njoro na Molo bila kuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kuwa hapo ni kwao.

Lord Francis alikuwa na sauti kubwa katika kulinda mpangilio huo. Lord Delamere alipofariki mwaka 1931, yeye ndiye aliyeongoza wajumbe wa Wazungu katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1939 amri ya mfalme ilithibitisha kuwa nyanda za juu ni za Wazungu peke yao.

Wakati huo huo, Deloraine ilikuwa kiungo cha jamaa waliotawanyika. Alice, binti ya kakake Francis, alikaa Kenya kwa ami yake huku akichora picha za mandhari, kabla ya kuolewa mwaka 1935 na Prince Henry, mwana wa Mfalme George wa Tano. Moyra, binti ya Francis, aliolewa na David Smiley, mwanajeshi aliyekuja kuongoza majeshi ya Sultani wa Oman kuanzia 1958. Mwana wao, Xan Smiley, alikuwa mhariri wa jarida la Africa Confidential, hivyo mjukuu wa mlowezi akaja kuieleza Afrika huru kwa wasomaji wa Ulaya.

Lord Francis alifariki mwaka 1952, mwaka ule ule hali ya hatari ilipotangazwa. Mwaka 1960 kizuizi cha rangi katika umiliki wa nyanda za juu kiliondolewa. Agosti 1963, Jomo Kenyatta alikutana na wakulima Wazungu mjini Nakuru, akawahimiza wabaki, walime na kusameheana. Wengi waliuza mashamba wakaondoka. Pamela, binti mwingine wa Francis, alibaki Deloraine, na mwaka 1991 kumbukumbu zake zilichapishwa kitabuni.

Hivyo, katika ukoo uliowapa urithi wana wa kwanza, aliyeshikilia shamba la Rongai alikuwa mwanamke. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 iliwapa binti na wana haki sawa, ingawa familia nyingi bado huipinga.

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Waskoti wa Deloraine hawakuacha yao. Waliiandika juu ya ardhi ya wengine. Wamaasai nao hawakusahau: mwaka 2004, karne moja baada ya mkataba wa Stewart, waliandamana kudai ardhi yao. Wazao wa maskwota pia wana madai yao, na ghasia zilizozuka Molo na Nakuru mwaka 1992 na baada ya uchaguzi wa 2007 zilionyesha kuwa swali la nani mrithi halali wa bonde hili halikuzikwa pamoja na ukoloni.