Gari Nalo Lina Lugha Yake: Niliyoyaona Bungoma na Kitale

Sisi watu wa Pwani ndio wa kwanza kuliona gari. Lashuka melini Kilindini kutoka Japani, lakaguliwa, latoka lango la bandari liking'ara, na baada ya hapo hatuna habari nalo tena. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika zaidi ya miaka minane, kwa hiyo likifika kwetu bado lina nguvu zake. Lakini aendaye bara atalikuta gari lile lile miaka kumi baadaye, limekwisha kubadilisha mabwana watatu, limelazwa chini ya mti katika gereji ya jua kali, boneti i wazi, na fundi amelikodolea macho kama tabibu asiyejua lugha ya mgonjwa wake.

Nilikwenda Bungoma na Kitale kwa ajili ya lugha hiyo. Nilisikia kwamba wako mafundi na vijana wa kompyuta huko wanaohangaika kuitafsiri, nikataka kuyaona kwa macho yangu.

Bungoma iko kwenye njia kuu ya kwenda Malaba, na malori yanayotoka Mombasa kuelekea Uganda hupita hapo Kanduyi usiku na mchana. Madereva wengi ni watu wetu, wa Changamwe na Miritini. Lori likigoma hapo, taa ya injini ikawaka kwenye deshibodi na gari likapoteza nguvu, dereva hana la kufanya ila kutandika mkeka na kungoja. Zamani fundi angefungua, akasikiliza kwa bisibisi sikioni, akajua. Siku hizi injini ina kompyuta, breki zina kompyuta, gia zina kompyuta, na zote huzungumza zenyewe kwa zenyewe bila ya kumwambia mtu. Fundi asiyesikia mazungumzo hayo hubadilisha spea kwa kubahatisha: leo sensa, kesho pampu, kesho kutwa waya zote. Anayelipa ni mwenye gari.

Mazungumzo hayo yana historia yake. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuyatunga mwaka 1983, na mwezi wa Februari 1986 ikayatangaza mbele ya wahandisi mjini Detroit, Marekani. Mpango huo huitwa CAN. Badala ya kila kifaa kuwa na waya wake hadi kwa kila kifaa kingine, waya mbili zilizosokotwa pamoja hupita gari zima, na kila kompyuta hutundikwa juu yake. Mwenye neno hulisema kwa wote. Anayehusika hulichukua, asiyehusika huliacha lipite. Wakianza wawili kwa pamoja, mwenye namba ndogo ndiye anayeendelea, na mwingine hunyamaza mpaka zamu yake. Adabu hiyo, nasema kwa mzaha kidogo, haionekani katika mikutano yetu mingi.

Fundi wa Bungoma niliyekaa naye alinionyesha jambo la kwanza analofanya kabla hata ya kugusa kompyuta. Kila mwisho wa waya zile una kizuizi cha omu 120. Hutia mita yake kwenye tundu la 6 na la 14 la soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, huku gari limezimwa. Akisoma 60, waya ni nzima. Akisoma 120, mwisho mmoja umekatika. "Mzee," aliniambia, "nimewaona watu wameuziwa kompyuta nzima ya injini, na kumbe ni panya amekula waya."

Soketi hiyo ya matundu 16 ililazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996, na ilipofika mwaka 2008 sheria ya huko ikataka magari madogo yote yazungumze CAN kupitia hapo. Kwa malori makubwa, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kiliweka utaratibu wake uitwao J1939. Kwa hiyo sauti inasikika. Taabu ni maana.

Kinachopita katika waya ni namba ya utambulisho na nyuma yake tarakimu zisizozidi baiti nane. Basi. Hakuna neno "moto", hakuna "mafuta". Nilipokaa mbele ya laptopu ya fundi, lori likinguruma taratibu, niliona safu za namba zikikimbia kama mchanga. Akanyoosha kidole kwenye baiti ya nne na ya tano za ujumbe mmoja: 0 na 25. Ukizisoma inavyopasa, ya tano ndiyo kubwa, hivyo 25 mara 256 ni 6400. Gawanya kwa 8, upate 800. Ndiyo mizunguko ya injini kwa dakika. Ukizisoma kinyume utapata 25, ugawanye kwa 8, na injini yako itakuwa inazunguka mara tatu tu kwa dakika, jambo ambalo hata kinu cha mkono hukizidi.

Hapa nilicheka, kwani msomaji aliyekaa chuoni utotoni ataijua taabu hii mara moja. Sisi husema ishirini na tano, kubwa mbele. Mwarabu husema khamsa wa ishrin, ndogo mbele. Wote wawili wamesema kweli, lakini ole wake anayeandika hesabu za mmoja kwa kanuni ya mwingine. Magari nayo yamegawanyika vivyo hivyo, na wahandisi huziita njia hizo mbili kwa majina ya makampuni mawili, Intel na Motorola.

Ili mtu asibahatishe, hapana budi awe na kamusi. Iliyoenea zaidi ni faili liitwalo DBC, ambalo muundo wake ulitoka kwa kampuni ya Vector ya Stuttgart. Ni maandishi matupu, hata mimi naweza kuyafungua. Kila ujumbe una mstari wake: namba, jina, urefu. Chini yake hutajwa kila kilichomo: kinaanzia biti ya ngapi, kina biti ngapi, kisomwe kwa njia ya Intel au ya Motorola, kizidishwe kwa ngapi, kiongezwe au kipunguzwe ngapi. Joto la maji katika malori, kwa mfano, hupunguzwa 40, ili namba isiyoweza kwenda chini ya sifuri iweze kueleza baridi ya Ulaya. Waya ukisema 130, rejeta iko kwenye nyuzi 90.

Kamusi peke yake haizungumzi. Lazima awepo wa kuisoma, aifahamu, kisha atafsiri namba zinapopita. Kazi hiyo hufanywa na maktaba ya programu. Waliyoichagua vijana hawa ni cantools, iliyoanzishwa na Erik Moqvist na kuendelezwa na wengi, nayo imeandikwa kwa lugha ya Python. Ni programu huria: leseni yake, iitwayo MIT, yamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha, kuigawa na hata kuiuza, mradi tu tangazo la mwenye haki na la ruhusa yake lisiondolewe. Aliyechimba kisima njiani akaandika jina lake ukingoni amefanya kitu cha karibu na hicho.

Basi kama kisima ki wazi, taabu iko wapi? Taabu iko katika ndoo na kamba, na hapo ndipo safari yangu iliponitoa Bungoma, kupitia Webuye, hadi Kitale.

Kitale ni mji wa mbegu. Kenya Seed Company ilianzishwa huko mwaka 1956, na mwaka 1964 mahindi ya H611, yaliyotokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na yale ya Ecuador, yalianza kutolewa kwa wakulima. Kila mkulima wa Trans Nzoia anajua kwamba mbegu njema iliyomwagwa guniani bila ya jina ni chakula cha kuku tu. Pakiti ndiyo humwambia ni mbegu gani, ya msimu upi, imejaribiwa kuota au haikujaribiwa. Kijana niliyemkuta katika chumba kimoja nyuma ya duka la spea alinieleza kazi yake kwa mfano huo huo.

Maktaba ya cantools haisimami peke yake. Yahitaji bitstruct ya kukata biti, textparser ya kusoma maandishi, python-can ya kuzungumza na waya, na hizo nazo zina wanaozitegemea. Aliye na intaneti nzuri huandika amri moja na vyote vikateremka. Fundi aliye chini ya mti, bando limekwisha na laptopu ni kuukuu, huishia katikati: kipande kimoja kimekuja, kingine kimekataa kwa kuwa Python yake ni ya zamani. Kijana huyu hukusanya vipande vyote vinavyopatana, huviandikia jina, toleo na orodha ya vinavyohitajiwa, huweka leseni ya kila kimoja, huendesha majaribio yaliyokuja na maktaba, kisha hufunga kifurushi kwa utaratibu wa Debian na kukitia katika flashi. Kompyuta ikikosa kitu chochote kilichotajwa, hukataa mapema na kusema kinachokosekana. Upande wa waya hauna shida, kwani Linux yenyewe imebeba njia ya CAN iliyochangiwa na Volkswagen tangu mwaka 2008.

Jambo moja nililipenda. Maktaba hiyo yaweza kutafsiri kwenda na kurudi, yaani yaweza pia kutunga ujumbe wa kupelekwa garini. Kijana ameweka chombo chake katika hali ya kusikiliza tu. "Ukikosea kusoma, umepata jibu baya," alisema. "Ukikosea kusema, lori la tani 30 limekusikia."

Lakini kulikuwa na ugomvi, na mimi nilifika ukiwa moto. Fundi wa Bungoma alikuwa na flashi aliyouziwa na dalali, imejaa kamusi za viwandani, siri za watengenezaji. Alitaka zitiwe ndani ya kifurushi. Kijana akakataa.

"Gari ni la mteja," fundi aliuliza, "na amelipa mpaka senti ya mwisho. Maneno yanayosemwa ndani yake yawe ya nani?"

"Maneno ni yake, fundi. Kitabu hiki si chako wala si changu."

Nimeufikiri sana ugomvi huo. Fundi ana haki ya kukasirika: hata utaratibu wa J1939, ambao ni wa wote, orodha zake huuzwa, na si kwa bei ya gereji ya jua kali. Mkusanyo huria wa opendbc, wa kampuni ya comma.ai ya Marekani, watoa kamusi bure, lakini aghalabu ni za magari mapya yenye kujiongoza, si malori ya Kanduyi. Hata hivyo naona kijana ameshika njia iliyonyooka. Kifurushi kikibeba mali ya wizi, leseni njema iliyobandikwa juu yake haina maana tena, na mwenye mali akija, atakayeumia ni kila fundi aliyekipokea.

Suluhu waliyoifikia ni ya kazi, si ya maneno. Kile mtu anachokisikia mwenyewe katika gari lililo mikononi mwake hakuiba kwa yeyote. Kwa hiyo fundi husikiliza: afungua mlango, atazama ni namba ipi iliyobadilika, akanyaga breki, atazama tena, alinganisha na mshale wa deshibodi, na kuandika. Jioni hupeleka daftari lake kwa matatu inayokwenda Kitale, na kijana huligeuza kuwa faili la DBC. Nilipoondoka, kamusi yao ya lori la kwanza ilikuwa na majina kumi na moja, yote kwa Kiswahili, kuanzia mlango wa dereva hadi joto la maji. La gia lilikuwa bado halijapatikana.