KUCHORA KUNAWEZAJE KUMSAIDIA MTU ASIYETAKA KULA?



Tukisikia kwamba mtu fulani hali, kwanza tunafikiria njaa. Mvua imekosa, mahindi yamekwisha, hakuna pesa. Lakini wako watu ambao chakula kiko mezani na hawali. Wengine wanakula sana kwa siri, halafu wanaenda nyuma ya nyumba kujitapisha. Majirani wanasema, "Huyo anaringa tu," ama "Huyo amerogwa." Kumbe ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe unaweza kuua.

Katika toleo hili tutaeleza ugonjwa huo, na jinsi kuchora, kupaka rangi na kufinyanga udongo hutumika pamoja na dawa na chakula ili kumponya mgonjwa. Pia tutaeleza ni kitu gani kikundi chenu kinaweza kufanya, na ni kitu gani hakifai kufanya.

UGONJWA WENYEWE

Kuna aina tatu zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni anoreksia. Mgonjwa anajinyima chakula, anakonda sana, lakini akijitazama anajiona mnene. Daktari William Gull wa London aliandika juu yake mwaka 1874 akaupa jina ambalo madaktari wanatumia mpaka leo. Ya pili ni bulimia. Hapa mgonjwa anakula chakula kingi kwa mara moja, kisha anajitia vidole kooni atapike, ama anatumia dawa za kuharisha. Hii ilielezwa na daktari Gerald Russell, huko huko London, mwaka 1979. Ya tatu ni kula chakula kingi mno bila kuweza kujizuia, na baadaye kuona aibu kubwa, lakini bila kutapika.

Mara nyingi ugonjwa huanza wakati wa ujana. Wasichana ndio wengi, lakini wavulana pia wanaupata. Hauna sababu moja. Mwingine amezaliwa katika jamaa yenye ugonjwa huo. Mwingine ni mtoto anayetaka kila kitu kiwe sawasawa kabisa, kuanzia daftari mpaka kitanda. Mwingine alichekwa kwa sababu ya umbo lake, ama alifiwa, ama alitendewa maovu na mtu mzima na hawezi kusema. Kwa hivyo tusikimbilie kumlaumu mama yake.

Dalili za kuangalia ni hizi: kukonda haraka, kusikia baridi hata jua likiwaka, hedhi kukoma, nywele kukatika, kizunguzungu, kukwepa kula pamoja na wengine, kwenda chooni kila baada ya chakula, meno kuharibika kwa sababu ya matapishi, na alama kwenye vifundo vya vidole.

Lakini angalieni sana. TB, virusi vya ukimwi, ugonjwa wa sukari, vidonda vya tumbo na minyoo pia humkondesha mtu. Mimba nayo huleta kutapika. Ndiyo maana mtu wa kwanza kumwona ni daktari ama kliniko ofisa, apimwe vizuri. Msikae nyumbani mkikisia.

JE, SI UGONJWA WA WAZUNGU?

Wengi wanafikiri hivyo. Hebu tuangalie visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki. Huko, kama kwetu, mtu mwenye mwili mkubwa alionekana ametunzwa vizuri na watu wake. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika sehemu moja ya Fiji iitwayo Nadroga. Mtafiti Anne Becker kutoka Marekani aliwauliza wasichana wa shule maswali muda mfupi tu baada ya televisheni kufika. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze mwili. Aliuliza tena mwaka 1998, na safari hii wasichana kama 11 katika kila 100 walisema wanafanya hivyo.

Miaka mitatu tu! Siku hizi mtoto wa kwetu hahitaji hata televisheni. Simu iko mfukoni, na picha za wasichana wembamba zinapita siku nzima. Tusidanganyane kwamba sisi hatuguswi.

Sisi watu wa kanisa tuna jambo lingine la kuangalia, nalo ni kufunga. Kufunga kuna mwanzo na mwisho. Mtu mwenye afya hufurahia kufungua na kula pamoja na watu wake. Mgonjwa hafungui. Kwaresima inakwisha, yeye bado anaendelea, na akiulizwa anasema anaomba. Hapo mchungaji, padre ama mzee wa kanisa anaweza kuokoa maisha akimwambia wazi, "Wewe ni mgonjwa. Huna ruhusa ya kufunga. Kula."

KWANZA MWILI

Mwaka 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vijana 36 wa Marekani wenye afya njema walijitolea kwa uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Hawa walikuwa wamekataa kubeba silaha, na wengi wao walitoka katika makanisa yanayofundisha amani. Mwaka 1945 walipunguziwa chakula kwa karibu miezi sita, mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Hawakuwa na ugonjwa wa akili hapo mwanzo. Lakini njaa ilipowaingia walianza kuwaza chakula usiku na mchana, wakawa na hasira na huzuni, wakajitenga na wenzao.

Hapa tunajifunza jambo kubwa. Njaa yenyewe huigonjesha akili. Ukimwambia mtu aliyekonda mpaka mifupa azungumze juu ya moyo wake, ama achore picha, huenda asiweze, kwa maana akili imeshikwa na njaa. Kwa hivyo chakula ndiyo dawa ya kwanza, na sanaa inafuata ama inakwenda pamoja nacho.

Tena, mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula hafai kushindiliwa sahani kubwa ya ugali siku ya kwanza. Chumvichumvi za damu zinaweza kubadilika ghafula na moyo ukasimama. Lazima aanzishwe kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa hospitali.

TIBA YA SANAA ILIANZAJE?

Mwaka 1938 mchoraji mmoja Mwingereza, Adrian Hill, alilazwa kwa sababu ya TB katika hospitali ya Midhurst, kusini mwa Uingereza. Siku hizo dawa za kuponya TB hazikuwapo. Mgonjwa alilala tu miezi mingi. Hill alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona moyo wake unapata nguvu. Baadaye aliwafundisha wagonjwa wengine, wakiwemo askari waliojeruhiwa vitani. Yeye ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la tiba ya sanaa, mwaka 1942.

Baadaye kazi hiyo iliingia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Leo, huko Uingereza, mtabibu wa sanaa lazima asomee kazi hiyo chuo kikuu na aandikishwe na serikali kama wahudumu wengine wa afya. Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko hospitali za ugonjwa huu wa kula ambazo zina mtabibu wa namna hiyo pamoja na daktari, muuguzi na mtaalamu wa lishe.

KAZI YENYEWE INAFANYWAJE?

Mgonjwa anakuja mara moja ama mbili kwa juma, peke yake ama na wagonjwa wenzake wachache. Mezani kuna karatasi, penseli, rangi, udongo na gundi. Mtabibu hamfundishi kuchora vizuri, na hakuna maksi. Mgonjwa anatengeneza anachotaka. Wakimaliza wanakiangalia pamoja, na mtabibu anauliza: "Niambie juu ya picha hii. Huyu aliye pembeni ni nani? Angeweza kusema, angesema nini?" Yeye hasemi, "Picha hii maana yake ni hivi." Mwenye picha ndiye anayejua. Kazi zote zinawekwa mahali salama, wala hazionyeshwi watu bila ruhusa yake.

Tuseme ni msichana wa kidato cha pili. Kila mtu amemuuliza, "Kwa nini huli?" na yeye hujibu, "Nimeshiba," ama "Hakuna kitu." Anaambiwa auchore ugonjwa wake kama kwamba ni mtu ama mnyama. Huenda akachora nyoka amemzunguka shingoni. Sasa kuna kitu cha kuzungumzia. Tena, ugonjwa umewekwa pale kwenye karatasi, na yeye amekaa hapa kwenye kiti. Anaanza kuona kwamba yeye na ugonjwa si kitu kimoja.

Kazi nyingine ni ya umbo la mwili. Mgonjwa anachora kwenye karatasi kubwa ukutani upana anaofikiri mwili wake unao. Kisha anasimama mbele ya karatasi, na mtabibu anamzungushia kalamu. Mara nyingi mchoro wa kwanza huwa mpana kuliko ule wa kweli. Hapo anaona kwa macho yake kwamba fikira zake zinamdanganya. Lakini kazi hii inaweza kumuumiza mgonjwa ikifanywa vibaya, kwa hivyo ni ya mtaalamu peke yake.

KWA NINI INASAIDIA?

Kwanza, mgonjwa wa namna hii mara nyingi ameshazoea kuficha. Mdomo umejifunza kusema "Niko sawa." Mkono haujajifunza kuficha namna hiyo.

Pili, wengi wao hawataki kukosea hata kidogo. Anachora mstari, anafuta, anachora tena, mpaka karatasi inatoboka. Udongo na rangi ya maji havikubali mambo hayo. Rangi inamwagika, udongo unainama. Polepole anajifunza kwamba kitu kinaweza kuwa na kasoro na bado kikafaa. Hilo ni somo ambalo atalihitaji hata akikaa mbele ya sahani.

Tatu, kila mtu amekuwa akizungumza naye juu ya chakula na kilo tu. Hapa, kwa saa moja, yeye ni mtu mwenye mikono inayotengeneza kitu.

Hata hivyo tuseme ukweli. Sanaa peke yake haiponyi ugonjwa huu. Uchunguzi juu ya tiba hii bado ni mchache, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba kila anayechora atapona. Kwa vijana wenye anoreksia, njia iliyothibitishwa zaidi ni ile ya kuwasaidia wazazi washike kazi ya kumlisha mtoto nyumbani, mlo baada ya mlo, huku wakiongozwa na wataalamu. Njia hiyo ilianzia Hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980. Sanaa ni fimbo ya kutembelea, lakini miguu ni chakula, daktari na jamaa.

KIKUNDI CHENU KINAWEZA KUFANYA NINI?

Mtabibu wa sanaa huenda hayuko karibu nanyi. Lakini haya mnayaweza:

1. Msaidieni mgonjwa kufika zahanati, kisha hospitali ya kaunti, na mwombe kuonana na anayehudumia afya ya akili. Nauli ya matatu inaweza kutoka katika mfuko wa kikundi. Akizimia, akiumwa na kifua, akivimba miguu, akitapika damu, akishindwa kunywa maji, ama akisema anataka kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

2. Mpeni nafasi katika kazi za mikono: kusuka vikapu, kutia shanga, kufinyanga, ama kuchora na watoto wa shule ya Jumapili. Hatuiiti hiyo tiba. Ni kukaa pamoja. Makaa, mgongo wa kalenda ya zamani na udongo wa mtoni vinatosha.

3. Msifasiri michoro yake, msiicheke, wala msiibandike ukutani kanisani. Mwulizeni tu, "Ungependa kutuambia juu yake?" Akikataa, basi.

4. Msizungumze juu ya mwili wake. Hata "Siku hizi umenawiri!" ambalo kwetu ni neno zuri, yeye anaweza kulisikia kama tusi. Semeni, "Tumefurahi kukuona."

5. Mtoto akionyesha kwa mchoro ama kwa maneno kwamba kuna mtu anayemtendea maovu, msilifiche kwa sababu ya heshima ya boma. Pigeni simu nambari 116, ambayo ni ya bure, ama mwoneni ofisa wa watoto.

Haraka haraka haina baraka. Kupona huchukua miezi, mara nyingi miaka, na mgonjwa anaweza kurudi nyuma kabla ya kuendelea mbele. Lakini wengi hupona, hasa wakisaidiwa mapema. Kama kuna mtoto kijijini kwenu ambaye hali, nendeni mumwone juma hili.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtu asiyekula huitwa majina gani? Majina hayo yanamsaidia ama yanamfukuza?

2. Tutatofautishaje kufunga kwa imani na kufunga kwa ugonjwa? Nani atazungumza na mchungaji ama padre?

3. Kutoka hapa mpaka hospitali ya kaunti nauli ni pesa ngapi, na tutaitoa wapi siku ya haja?