Shanta mbili na radhi ya mama

"Msafiri kafiri," walisema wazee wetu, wakimaanisha kwamba mtu aliyekwisha azimia safari haambiliki. Hata akiombwa vipi, macho yake yako njiani. Katika mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, msemo huu umekuwa ukielekezwa kwangu na kwa mke wangu tangu mwezi wa Rajabu, yalipoenea maneno kwamba sisi wawili tutavaa shanta mgongoni, twende tukatembee Hispania na Morocco, si kwa biashara, wala masomo, wala matibabu.

Kwa kuwa maswali ni mengi barazani, na kwa kuwa wako vijana waliooana ambao nao wana hamu kama yetu, nimeona afadhali nieleze jinsi tulivyojitayarisha. Safari yenyewe bado. Tunatazamia kuondoka, Mungu akitujaalia, baada ya Idi ya Mfungo Tatu.

Kwanza msomaji afahamu kwamba sisi si matajiri. Mimi ni mshika hesabu katika duka la vipuri vya magari, na mwenzangu hushona nguo nyumbani. Tulipooana, fungate yetu ilikuwa Lamu, na kutoka huko tukavuka kwa mashua hadi Pate na Siyu. Baadaye tukaenda Unguja, kisha Kilwa Kisiwani. Wengine wakipata akiba hununua makochi. Sisi hununua nauli.

Kilwa ndiko jambo hili lilikoanzia. Tulipokuwa katika magofu ya msikiti mkuu, tulikumbuka kwamba Ibn Battuta alifika kisiwani hapo mwaka 1331, baada ya kulala usiku mmoja Mombasa. Katika habari zake alieleza kwamba chakula cha watu wa Mombasa kilikuwa ndizi na samaki, kwamba walitembea miguu mitupu, na kwamba milangoni mwa misikiti yao palikuwa na visima, mtu akaosha miguu kabla ya kuingia. Mke wangu akaniuliza, "Naye kwao ni wapi?" Nikamwambia ni Tangier, Morocco, na aliondoka huko mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Akasema, "Basi yeye alikuja kwetu. Na sisi twende kwao tukamwamkue."

Njia tuliyoichagua ni hii: tutashukia Madrid, twende Cordoba, Seville na Granada, kisha tuvuke bahari kwa meli kutoka Tarifa hadi Tangier, mwendo wa kiasi cha saa moja tu. Kutoka hapo ni Fez, na mwisho Casablanca, ambako tutapanda ndege ya kurudi. Huo utakuwa wakati wa kiangazi chao, na kwetu ni kusi, biashara ya kushona imepoa na mimi nina likizo niliyoilimbikiza.

SWALI LA MAMA

Tulidhani kizuizi kikubwa kitakuwa viza. Haikuwa hivyo. Kizuizi kilikuwa mamangu, ambaye umri wake umekwisha pita miaka sabini. Tulimwendea usiku mmoja baada ya Isha, tukamweleza mpango wetu, ambao wakati huo ulikuwa wa siku 90. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, hiyo Hispania ina Kaaba?"

"La, mama."

"Na nyinyi mumekwisha hiji?"

"Bado, mama."

Mke wangu akajaribu kunisaidia. Akamsimulia mavyaa wake habari za Ibn Battuta, jinsi alivyozunguka dunia karibu miaka thelathini. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza kwa upole, "Na huyo mtu wenu, mwanangu, alipotoka kwao alikuwa akienda wapi?"

Sote wawili tukanyamaza, kwa sababu jawabu tulilijua. Ibn Battuta alipotoka Tangier alikuwa akienda kuhiji. Hayo mengine yote yalifuata baadaye.

Tulirudi nyumbani na swali hilo, na kwa siku kadhaa halikutuacha. Tulimwendea mwalimu wetu wa chuo. Yeye hakutukaripia. Alitukumbusha kwamba Kurani yenyewe inawahimiza watu watembee katika ardhi watazame, na kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye uwezo wa Hija anaweza kuichelewesha ikiwa ana nia ya kweli ya kuitekeleza. Lakini akaongeza kwamba nia isiyo na akiba wala mpango ni maneno matupu.

Basi tukachukua daftari tukapiga hesabu upya. Tulikuwa tumekadiria Euro 55 kwa siku kwa watu wawili, yaani malazi, chakula na nauli za mjini. Tukakata siku 30. Zikabaki 60, na zile Euro 1,650 zilizookolewa tukaziweka mbali kwa ajili ya Umra ya mama, ambaye hajapata kuiona Makka maishani mwake. Nia ni aende mwezi wa Rajabu ujao, joto la Hijazi likiwa limepungua, na mimi nimfuate. Umra haisimami mahali pa Hija, hilo twalijua, ndiyo maana tumefungua na akiba ya Hija yetu sisi wawili, na kila mwezi kitu kinaingia, hata kiwe kidogo.

Tulipomweleza, mama hakusema mengi. Alimwita mkaza mwanawe akamshika mkono, akasema, "Nendeni, radhi yangu munayo. Lakini musinifanye nikalala na simu sikioni." Tangu usiku ule, naam, ndipo tulipoanza kujitayarisha kwa moyo mweupe.

KARATASI NA FEDHA

Ama kuhusu viza, jambo la kukumbuka ni kwamba Hispania imo katika mkataba wa Schengen wenye nchi 29. Viza moja ya matembezi huruhusu kukaa humo siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni Euro 90 tangu Juni 2024. Pasipoti iwe na miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka, na kurasa mbili tupu. Lazima pia uwe na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000. Morocco haimo katika mkataba huo, kwa hivyo mambo yake huulizwa peke yake kwenye ubalozi wake.

Tulipanda gari moshi hadi Nairobi kutiwa alama za vidole. Karatasi zinazotazamwa zaidi ni zile zinazoonyesha kwamba utarudi: barua ya kazi, taarifa za benki za miezi iliyopita, cheti cha ndoa, tikiti ya kurudi. Nawashauri vijana wasikope fedha wakazimwaga benki wiki moja kabla ya kuomba. Fedha zilizoingia kwa ghafla huzua maswali.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mke wangu ndiye mwenye kushika daftari la safari, ingawa kazi ya hesabu ni yangu mimi. Kanuni yake ni kwamba tukizidisha matumizi leo, kesho tutakula mkate na zeituni.

YALIYOMO NDANI YA SHANTA

Kila mmoja wetu ana shanta moja tu. Yangu isizidi kilo 9, yake kilo 7. Mara ya kwanza tulipopakia, yangu ilikuwa na kilo 15! Tukazimwaga nguo zote kitandani, na kila kitu kikaulizwa: wewe una kazi gani?

Leso ndiyo iliyoshinda vyote. Doti moja ya leso ni shuka, ni mswala, ni taulo, ni pazia penye chumba kisicho na pazia, na ukiifunga ncha ni mkoba wa sokoni. Kikoi nacho hakiko mbali. Buibui ni moja jepesi, kwa kuwa Cordoba wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 mara nyingi, na ni joto kavu, si hili letu la unyevu. Pia tumechukua chupa ndogo laini za kubinya. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa ni za kazi gani. Vyoo vingi vya Ulaya vina karatasi peke yake.

Dawa za kawaida zimo, pamoja na jambo moja la kuzingatiwa sana. Mtu akitoka Pwani yetu akashikwa na homa ugenini, amwambie daktari mara moja kwamba ametoka penye malaria. Malaria inaweza kumwua mtu kwa siku chache, na daktari asiyeizoea huenda asiifikirie.

Viatu vya kutembelea tulivinunua mapema tukavizoeza. Kila baada ya alfajiri tulitembea hadi Mama Ngina na kurudi, shanta zikiwa na mchele ndani. Watu walituuliza njiani, "Mwahama?"

IBADA NA CHAKULA

Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tumezoea Magharibi isiyocheza mbali na saa kumi na mbili unusu. Cordoba, mwishoni mwa Juni, jua huchwa karibu saa 3:45 za usiku, na Isha huja baada ya saa tano. Kwa hivyo tulirudia masomo ya safari: msafiri wa masafa ya kutosha hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na huweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Lakini ukinuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo huondoka. Tena kuna kupaka maji juu ya khofu, ambako msafiri ana siku tatu, kuche na kuchwa, kwa masharti yake.

Msikiti wa Cordoba ulianza kujengwa mwaka 785, na tangu mwaka 1236 umekuwa kanisa. Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani. Tutaingia kama wageni, tutazame nguzo zake. Granada, mji ambao Ibn Battuta naye aliuzuru, uko msikiti mpya uliofunguliwa mwaka 2003, unatazamana na ngome ya Alhambra. Hapo tutasali.

Kwa chakula, samaki yupo, mboga zipo, na tumejifunza neno "cerdo", yaani nguruwe, tulikwepe. Jioni hukaa tukijifundisha maneno mengine, na mke wangu hucheka kila akikuta jamaa: "azúcar" ni sukari, "limón" ni limau, kutoka Kiarabu kilekile kilichotupa sisi maneno mengi.

WASIA

La mwisho ni lile ambalo watu huliogopa. Tumeandika wasia. Nimeorodhesha ninaowadai na wanaonidai, na waliokuwa wakinidai nimewalipa. Mke wangu amerudisha vitambaa vitatu vya watu ambavyo hakuwahi kuvishona. Mtume amefundisha kwamba mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa, na hakusema hilo ni la wasafiri tu.

Kwa wale waliooana wanaofikiria safari kama hii, nasaha yangu ni tatu. Anzeni na wazazi kabla ya benki. Safirini kwa fedha yenu, si ya deni. Na mukishapakia shanta, tembeeni nazo mtaani kwanza, mukichekwa muchekwe na jirani zenu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tutarudi papa hapa barazani, inshallah, na mama ameshasema anataka zeituni za Fez.