Nabii Aliyekataa Kuahidi Wepesi

Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, si ajabu ukoo mmoja kuwa na Waislamu na Wakristo. Mjomba huenda msikitini Ijumaa, mpwa wake kanisani Jumapili, na msiba ukitokea wanashika jembe pamoja kuchimba kaburi. Mjomba akimtaja Nabii Isa, mpwa hunyamaza kidogo. Neno lenyewe halina ubaya, ila linamwingia sikioni kana kwamba Bwana wake ameshushwa cheo. Nadhani hana sababu ya kunyamaza. Injili zinamwita Yesu nabii waziwazi: umati unamwita hivyo anapoingia Yerusalemu, mwanamke Msamaria anamwita hivyo kisimani, na yeye mwenyewe anasema kuwa nabii hukosa heshima kwao. Ukuu ambao Wakristo wanaukiri kwake huonekana vizuri zaidi ukimweka kwanza katika safu ya manabii wa Wayahudi, ukaangalia wapi amefanana nao na wapi amewapita.

Tatizo ni kwamba neno limechakaa. Kwa wengi leo nabii ni mtu wa kukuambia nani kakuroga, safari yako itafunguka lini, na mafuta gani ya upako ununue kabla hujatoka ibadani. Biblia inaijua picha hiyo. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinaeleza kuwa zamani nabii aliitwa mwonaji, na kinamwonyesha Sauli, kijana bado, akimwendea Samweli kuulizia punda wa baba yake waliopotea, na robo shekeli ya fedha ya kumpa. Lakini kazi ya unabii haikuishia kwenye punda. Nathani alimkabili Daudi kwa kumchukua mke wa Uria na kumuua mumewe. Eliya alimfuata Ahabu hadi ndani ya shamba la mizabibu ambalo Nabothi alikuwa ameuawa kwa ajili yake. Amosi, mchungaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, alipanda hadi Betheli katika karne ya 8 kabla ya Kristo kuwaambia wakubwa kwamba wanawauza maskini kwa bei ya viatu. Hawa walikuwa wasemaji kwanza. Yajayo waliyataja kwa sababu waliona ya leo yanaelekea wapi.

Aliyeacha kipimo kikali kuliko wote cha kumtambua nabii wa kweli ni Yeremia. Mnamo mwaka 594 kabla ya Kristo alitembea Yerusalemu na nira shingoni, akiwaambia watu wainamie utawala wa Babeli ili wapone. Nabii mwenzake, Hanania, aliivua nira ile akaivunja mbele ya makuhani, akaahidi kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu vitarudi kutoka Babeli pamoja na watu waliohamishwa. Bila shaka waliokuwapo walimpenda Hanania. Yeremia alijibu kwamba angetamani iwe hivyo, ila nabii anayetangaza amani hujulikana kuwa wa kweli amani hiyo ikifika. Haikufika. Miaka michache baadaye mji ulichomwa pamoja na hekalu lake. Kipimo chake ndicho hiki: anayeahidi wepesi anadaiwa ushahidi kuliko anayeonya.

Huku kusini kipimo hicho kilipita mlangoni. Mwaka 1905 maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale, nabii wa Ngarambe, yalienea kutoka Umatumbi hadi kwa Wamwera, na ahadi yake ilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Kinjikitile alinyongwa mwezi Agosti mwaka huohuo, vita dhidi ya Wajerumani vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa na wapiganaji. Kisha Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wako wanahistoria wanaokadiria waliokufa kuwa 250,000 au zaidi. Hapa haki lazima itendeke. Kilio cha Kinjikitile kilikuwa cha kweli: pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko. Aliwaunganisha watu wa makabila ambayo hakuna mtawala aliyewahi kuyaunganisha. Katika hilo alisimama pale aliposimama Amosi. Kilichovunjika ni ahadi ya kinga, nayo ilivunjika juu ya miili ya waliomwamini. Nachingwea iliahidiwa tena mwaka 1947, safari hii na serikali ya Uingereza, kwamba mpango wa karanga ungegeuza pori kuwa neema. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa.

Sasa mwangalie Yesu kwa kipimo hicho. Baada ya kuwalisha watu mikate, umati ulitaka kumtawaza kwa nguvu, naye akaondoka peke yake mlimani. Alimwita Herode mbweha, kama Eliya alivyosema na Ahabu bila kumung'unya maneno. Aliingia hekaluni na kutangaza kuanguka kwa hekalu hilo, neno lilelile ambalo nusura limuue Yeremia mahali hapohapo, na ambalo lilimuua Uria mwana wa Shemaya aliyetabiri kama yeye. Warumi walilibomoa hekalu mwaka 70. Wafuasi wake hakuwapa dawa ya risasi. Aliwaambia wabebe msalaba, na katika nchi iliyokaliwa na askari wa Kirumi kila mtu alijua mbao hizo hubebwa na nani na kupelekwa wapi.

Mahali anapofanana nao na kuwapita kwa wakati mmoja ni lango la mji wa Naini. Eliya alikutana na mjane wa Sarepta kwenye lango la mji. Yesu naye anamkuta mjane langoni, akimsindikiza mwanawe wa pekee kwenda kuzikwa. Mwana wa mjane wa Sarepta alifufuliwa, Eliya akampa mama yake. Luka anamalizia habari ya Naini kwa kitendo kilekile, Yesu anamkabidhi kijana kwa mama. Lakini tazama katikati. Eliya alijinyosha juu ya mtoto mara 3, akimlilia Mungu. Elisha, kule Shunemu, alilala juu ya mtoto mdomo kwa mdomo, akainuka, akatembea nyumbani huku na huku, akarudi tena. Yesu anagusa jeneza na kusema na maiti, basi. Umati unapiga kelele kwamba nabii mkuu ametokea. Hawakukosea, ila hawakuwa na neno jingine. Ndivyo ilivyo pia katika mafundisho yake: manabii hutaja kwanza aliyewatuma, kwamba Bwana ndiye asemaye, Yesu huanza kwa kusema kwamba yeye anawaambia.

Mwenye shaka atasema Luka ameisuka habari ya Naini kwa uzi wa Eliya. Huenda alichagua maneno yake akimkumbuka Eliya. Mimi siwezi kuamua kilichotokea langoni kwa kulinganisha kurasa. Lakini hoja hiyo inanisaidia, kwa maana inaonyesha kuwa Wakristo wa mwanzo hawakuliogopa neno nabii, bali walilitafuta. Mkristo atauliza kama unabii haukukoma kwa Yohana Mbatizaji. Petro, katika Matendo ya Mitume, anaichukua ahadi ya Musa ya nabii aliye kama yeye na kumpa Yesu. Katika karne ya 16 Yohane Calvin alizieleza kazi za Kristo kuwa 3: nabii, kuhani na mfalme, na Kanisa Katoliki hufundisha hivyo hivyo. Na mjomba atasema: basi tumekubaliana, ni nabii, yatosha. Hapa heshima inataka ukweli. Kurani inamwita Isa Masihi na mtume, nao Wakristo hawana sababu ya kuikataa heshima hiyo. Wanaachana pale Naini, kwenye swali la kwa amri ya nani kijana aliinuka: Uislamu unajibu kuwa Isa hufufua kwa idhini ya Mungu, Mkristo anajibu kuwa amri ilikuwa yake. Ni afadhali wote wawili wajue njia inapogawanyika kuliko kunyamaziana neno ambalo wote wanalikubali.

Siku ya tatu baada ya msalaba wanafunzi wawili walikuwa njiani kwenda Emau. Walimsimulia mgeni aliyeandamana nao habari za Yesu wa Nazareti, nabii mwenye uwezo kwa matendo na maneno, wakaongeza kwa huzuni kwamba walikuwa wametumaini ndiye angeikomboa Israeli. Mgeni huyo, ambaye walikuwa hawajamtambua kuwa ni Yesu mwenyewe, aliwakemea kwa uzito wa mioyo yao. Neno nabii hakulisahihisha. Alianza na Musa, akashuka kwa manabii wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka kijiji kikaonekana.