Kigari cha Mtoto na Njia ya Migombani

Wazazi wanaotarajia mtoto wa kwanza huanza na kigari. Ndicho kinachoonekana kwenye picha za simu, ndicho kinachopangwa mbele ya duka, na ndicho ambacho ndugu aliye Dar es Salaam huahidi kukituma kwa basi. Maswali yanayoulizwa kliniki hufuata mkondo huohuo: cha magurudumu matatu au manne, kipya au cha mtumba, cha rangi gani. Kwa mzazi wa Kaagya, mimi hupenda tuanzie mbali kidogo na duka. Njia ya kutoka mlangoni kwako hadi barabarani ikoje? Na usiku, mtoto atalala wapi?

Kaagya, kama ilivyo sehemu kubwa ya Bukoba Vijijini na Muleba mkoani Kagera, nyumba hukaa ndani ya kibanja, yaani shamba linaloizunguka. Kuifikia barabara ni lazima upite kijia kinachopenya kati ya migomba na mibuni, chembamba, chenye mizizi na mawe, na mara nyingi chenye mteremko. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi sana Tanzania. Bukoba hupokea takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo ukilowa, hata mtu mzima mwenye ndala hutembea kwa kujihami. Kigari chenye magurudumu madogo ya plastiki kitakwama hapo kabla hakijafika kwa jirani.

Kigari hakina kosa. Kilitengenezewa ardhi nyingine. Cha kwanza kinachokumbukwa kilibuniwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, mbunifu wa bustani, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, nacho kilivutwa na mnyama mdogo kwenye njia laini za bustani ya tajiri. Vile vyepesi vya kukunja, ambavyo ndivyo vimejaa madukani leo, asili yake ni mwaka 1965. Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulikia magurudumu ya ndege ya kivita ya Spitfire, aliona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito cha mtoto, akabuni cha alumini chenye uzito wa kilo tatu hivi. Alifikiria viwanja vya ndege na njia za lami za waenda kwa miguu. Kibanja hakikuwamo katika hesabu zake.

Kwa hiyo kigari kisubiri kidogo, tuzungumzie usiku.

Kifaa cha kwanza cha mtoto wa Kagera ni chandarua chenye dawa. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu utafiti wa kina kuhusu vyandarua umefanyika hapahapa kwetu. Kuanzia mwaka 2014, vijiji vya Muleba vilishiriki katika jaribio kubwa lililoongozwa na watafiti wa hapa nchini pamoja na chuo cha tiba ya magonjwa ya tropiki cha London, wakilinganisha chandarua cha kawaida chenye dawa na kile kilichoongezewa kiambata kiitwacho PBO. Mbu wa Muleba walikuwa wamekwisha kuizoea dawa ya kawaida. Miili yao iliweza kuivunjavunja kabla haijawaua. PBO huzima uwezo huo. Watoto wa kaya zilizopewa vyandarua vipya walipatikana na vimelea vya malaria kwa kiwango cha chini waziwazi kuliko wenzao, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vya namna hiyo vitumike kwenye maeneo yenye mbu sugu. Ushahidi uliotoka kwenye vitanda vya watoto wa Muleba ulibadilisha mwongozo wa dunia nzima.

Ndiyo maana huniuma kuona mama ametumia fedha nyingi kwa kile chandarua kidogo cha mwavuli chenye maua na riboni, akaamini kazi imekwisha. Kile kinafaa mchana, mtoto anapolala sebuleni. Lakini vingi vinavyouzwa madukani havina dawa, na mkono wa mtoto ukigusa wavu, mbu atamuuma kupitia matundu. Usiku mtoto alale ndani ya chandarua kikubwa chenye dawa pamoja na mama yake. Chandarua hicho hutolewa bure mjamzito anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na kingine mtoto anapopata chanjo ya surua. Kifueni kwa sabuni ya kawaida, mkianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa, na kikitoboka mkishone siku hiyohiyo.

Kuhusu malazi, madukani kuna seti za kupendeza: mto, vimito vya pembeni, shuka nene na godoro laini linalobonyea. Acheni mto, acheni na vimito vya pembeni. Mtoto mchanga hana nguvu ya kugeuza uso uliozama kwenye kitu laini. Alale chali, kwenye godoro gumu kiasi, na kichwa wazi. Baridi ya usiku wa Kagera, hasa mvua inaponyesha, huwafanya bibi na mashangazi wamrundikie mtoto mablanketi. Nia yao ni njema, na mzazi asibishane nao kwa ukali. Amvishe mtoto nguo moja zaidi ya alizovaa mtu mzima, amfunike hadi kifuani, blanketi lichomekwe pembeni mwa godoro. Hiyo yatosha. Mzazi aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto, hata kama ni glasi za sherehe tu.

Sasa mbeleko. Baadhi ya vijana huiona kama kitu cha mtu asiye na uwezo wa kununua kigari. Dhana hiyo inawanyima kifaa bora kuliko vyote walivyo navyo. Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwafunga watoto njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine za kuwatunzia joto hazikutosha. Njia hiyo imepimwa tangu wakati huo, hata hapa kwetu: Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano zilizoshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo moja na kilo 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, asilimia 12 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliosubiri kwanza hali zao zitulie, walikuwa asilimia 15.7. Tofauti hiyo ililetwa na kifua cha mama na kitambaa cha kumfungia mtoto.

Mbeleko huilinda pia nyonga. Mfupa wa paja la mtoto mchanga hukaa kwenye kikombe cha nyonga ambacho bado ni laini, na kikombe hicho hujijenga vizuri mapaja yakiwa yametanuka. Japani walikuwa na desturi ya kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka na kubanana; walipoanza kampeni ya kuiacha mwaka 1975, watoto wenye nyonga zilizotoka walipungua sana. Hospitali moja ya mifupa nchini Malawi ilichunguza kumbukumbu za miaka kumi za watoto zaidi ya 40,000, isikute hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa tatizo hilo. Madaktari wake waliihusisha hali hiyo na desturi ya kubeba watoto mgongoni.

Lakini mbeleko ina masharti yake. Mtoto ambaye shingo haijakaza, yaani wa chini ya miezi mitatu au minne, abebwe mbele, juu ya kifua, mahali ambapo mama akiinama kidogo anaweza kumbusu kichwani. Uso wake uonekane muda wote. Kidevu kisigandamane na kifua chake, kwani njia yake ya hewa ni nyembamba na hujikunja upesi. Shingo ikikaza, aende mgongoni, mapaja yametanuka na magoti yakiwa juu kidogo ya makalio. Kitambaa kiwe cha pamba, kipana. Kitenge imara hushinda kanga iliyochakaa. Na mama asipike kwenye mafiga akiwa na mtoto, mbele au mgongoni, kwa sababu ya moshi na moto.

Je, kigari hakina nafasi? Kinayo. Mkazi wa mjini Bukoba, mwenye lami au njia iliyoshindiliwa karibu na nyumba, atakifurahia. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, aliyezaa mapacha au mwenye maumivu ya mgongo ana sababu nzuri ya kukitaka. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo huenda akahitaji kiti maalumu cha magurudumu, na huyo apelekwe kwanza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, asinunuliwe kigari kwa kukisia.

Mnapochagua, anzeni chini. Tairi ziwe kubwa na za upepo, zenye tyubu, kwa sababu hupita kwenye changarawe bila kumtikisa mtoto, na zikipata pancha fundi baiskeli wa jirani ataziziba. Kanyaga breki, kisha sukuma kigari mteremkoni; kikisogea, kiache. Mikanda ishike mabega yote mawili, kiuno, na kupita katikati ya miguu. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji kigari kinacholala bapa kabisa, maana akikalishwa, kichwa chake huangukia kifuani. Kinyanyue dukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeshika kitu cha uzito wa mtoto, ndipo utajua kama utaweza kukipandisha kwenye hiace. Na jua likiwaka, msikifunike kwa kanga. Hewa ya ndani hupanda joto haraka kuliko mzazi anavyodhani, na yeye hamwoni mtoto.

Cha mtumba si kibaya, bali kikaguliwe zaidi. Mwezi Novemba mwaka 2009, kampuni hiyohiyo ya Maclaren ilitangaza nchini Marekani marekebisho ya vigari karibu milioni moja, baada ya watoto kadhaa kukatwa ncha za vidole na bawaba za kukunjia. Vigari vya namna hiyo huishi miaka mingi, hupita mikono mingi, na tangazo la Marekani haliji pamoja na robota. Kikunje na kukikunjua mara kadhaa, ukitazama kila mahali kidole kidogo kinapoweza kuingia.

Kuna kifaa ambacho sikipendekezi kwa yeyote: kile kigari cha duara cha kujifunzia kutembea. Kanada ilipiga marufuku kukiuza na kukiingiza nchini mwaka 2004. Hakimharakishi mtoto kutembea. Kinampa mwendo asioweza kuuzuia. Kwetu, ambako jiko la mkaa na sufuria ya maji ya moto hukaa sakafuni, mwendo huo humfikisha kwenye moto kabla mama hajageuka. Chupa za kunyonyeshea nazo muziache dukani. Maziwa ya mama yanatosha miezi sita ya kwanza, na yakikamuliwa, kikombe kidogo husafishika vizuri kuliko chuchu ya mpira.

Wenye gari, au wanaoazima gari la ndugu, wajue kwamba mtoto mapajani hashikiki gari likigonga, mikono ya mzazi iwe na nguvu kiasi gani. Kiti cha mtoto mchanga kifungwe nyuma, kikitazama nyuma, na kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa wa kiti cha abiria. Wasio na gari watenge mapema nauli ya taksi au bajaji ya siku ya kutoka hospitalini. Mama mwenye kidonda na mtoto wa siku mbili hawafai kurudi nyumbani kwa bodaboda.

Shangazi akipiga simu kuuliza atume nini, msione haya kumtajia: vitenge viwili vya pamba, beseni kubwa la kuogea, nepi za kitambaa, kipimajoto. Kigari mwambieni kisubiri mpaka mtoto aweze kuketi mwenyewe. Wakati huo mtakuwa mmeijua njia yenu, mtaamua kama mnakihitaji.