Pikapu ya zamani, turbo na ada ya Januari

Kwa familia nyingi za huku milimani Usambara, pikapu si gari la kutembelea. Ndiyo shamba la pili. Ikilala gereji wiki moja, mboga zinaoza na nyumbani sukari inaanza kupimwa kwa kijiko.

Yetu ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo. Asubuhi inashusha kabichi na karoti hadi Mombo, jioni inarudi Lushoto na saruji au unga. Kwenye kona za mlima hupanda kwa gia ya pili, mabasi yakipiga honi nyuma yake.

Novemba iliyopita baba watoto alirudi nyumbani uso umechangamka. "Mama, fundi kasema tufunge turbo. Mlima tutaupanda kwa gia ya tatu."

Nilimuuliza swali moja tu: "Kwa hela ipi?"

Akanyamaza. Wote wawili tulijua kwamba hela iliyokuwapo ndani ilikuwa ya ada ya Januari.

Hatukugombana. Tulikubaliana tuulize kwanza kwa fundi zaidi ya mmoja, ndipo tuamue. Mzazi mwenzangu, kama na kwenu mazungumzo haya yameanza, huenda tuliyojifunza yakakufaa.

Turbo inafanya nini?

Dizeli haiungui bila hewa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa yenyewe, kama mtu anavyovuta pumzi. Lushoto iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini ya 3L, ambayo ikiwa mpya hutoa nguvu ya farasi 90 hivi, huku juu hutoa pungufu.

Turbo ni kama feni mbili zilizo kwenye shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha ya kwanza, nayo ya pili husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Kwa hiyo fundi hakudanganya. Ikifungwa vizuri, gari linapata nguvu, na huku milimani faida yake inaonekana zaidi.

Lakini hewa peke yake haileti nguvu kubwa. Nguvu inakuja fundi anapoongeza dizeli kwenye pampu, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Dizeli ikizidi hewa, gari linatoa moshi mweusi na injini inapata joto kali. Joto hilo huunguza gasketi, hupasua silinda hedi, hata kuyeyusha pistoni.

Tena 3L haikuundwa kwa ajili ya turbo. Hubana hewa karibu mara 22, wakati injini ya 1KD, iliyokuja na turbo yake kwenye Hilux za baadaye, hubana chini ya mara 18. Ndiyo maana turbo ya kuongezea inatakiwa isukume hewa kwa kiasi kidogo tu.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kwanza, umepima kompresheni ya silinda zote? Turbo haifufui injini iliyochoka. Huimalizia.

Pili, rejeta ikoje? Gari ambalo tayari huchemsha mlimani litachemsha zaidi likifungwa turbo.

Tatu, oili itapita wapi? Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoilinda ni oili ya injini. Oili ikichakaa, turbo inakufa. Pia dereva asizime injini mara tu amalizapo mlima. Aiache iungurume taratibu dakika moja au mbili ipoe.

Nne, utafunga geji ya joto la moshi na ya msukumo wa hewa? Mafundi wengi hawapendi joto la moshi, kabla haujaingia kwenye turbo, lipite nyuzi 700 hivi kwa muda mrefu. Bila geji, dereva atajua limepita wakati injini imeshakufa.

Tano, klachi itahimili? Na kampuni ya bima itaambiwa? Mabadiliko ya injini ni vizuri yajulikane kabla ya ajali, si baada yake.

Swali tulilokuwa tumelisahau

Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alimuuliza mume wangu: "Mzigo wenu mzito unapanda au unashuka?"

Tulitazamana. Kabichi zinashuka. Turbo husaidia kupanda, haishiki gari mteremkoni. Na kwenye pikapu hiyo hiyo, siku za kufungua shule, wanakaa watoto wetu.

Mzee akaanza kukagua. Kompresheni ya silinda zote nne ilikuwa nzuri. Lakini kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi, nozeli mbili zilikuwa zinadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza, na breki za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa. Sisi tulikuwa tunazungumzia gia ya tatu, kumbe tulikuwa tunashuka mlima kila asubuhi na breki nusu.

Tulitengeneza hayo kwanza, kwa sehemu ndogo ya hela ya turbo. Ada ililipwa kwa wakati. Pikapu bado inapanda kwa gia ya pili kwenye kona kali, lakini moshi mweusi umekwisha na dizeli inakwenda mbali kidogo kuliko zamani.

Baba watoto hajaacha ndoto yake. Ameanza kuweka kidogo kidogo kwenye kibubu, na kwenye orodha yake geji zimeandikwa juu ya turbo yenyewe. Siku kibubu kikijaa, nami nitachangia. Gari ni letu sote, na linapoharibika tunalala njaa sote. Basi hata uamuzi wa kulibadilisha uanzie nyumbani, baba na mama mkiwa pamoja, kabla fundi hajashika spana.